Diski Isiyo na Wimbo

Tarehe 2 Juni

Mjomba Masikio,

Shikamoo. Hali yako sikuulizi, maana Mama ameshaniambia kwamba juzi ulimaliza sufuria nzima peke yako ukauliza kama kuna nyingine. Mgonjwa hali hivyo.

Nakuandikia kwa sababu simu hutaki. Najua, sikio la kushoto lina mluzi tangu enzi za bendi, na simu, kwa maneno yako, “inachinja besi.” Haya, karatasi haichinji kitu. Naipeleka kwenye basi la vifurushi leo hii.

Mama anasema unanung'unika kwamba nilipokuja likizo nilikufungia diski tatu kwenye mashine ya studio, na moja kati yake haina hata wimbo mmoja. Nilikueleza uso kwa uso, Mjomba, ila ulikuwa unabadilisha nyuzi za gita, ukawa unaitikia “ee, ee” tu. Sasa kaa nikueleze tena.

Zile diski mbili kubwa ni mapacha. Kila wimbo unaouweka, unaandikwa kwa hii na kwa ile. Mmoja akifa, mwenzake anazo zote. Lakini mashine yenyewe haijui kwamba hao ni mapacha mpaka isome ramani. Ramani ni kitu kidogo sana, maelezo tu: diski fulani imeungana na fulani, nyimbo zinaanzia hapa. Bila ramani, nyimbo zipo lakini mashine haioni pa kuanzia. Ndiyo maana ramani haiwekwi moja. Nimeweka nakala tatu kwa pacha wa kwanza, tatu kwa wa pili, na tatu kwa yule mdogo asiye na wimbo. Ukiiwasha, mashine inajiuliza kwanza: nakala ninazoziona ni zaidi ya nusu? Zikiwa zaidi, inafungua mlango. Zikiwa nusu au pungufu, inagoma.

Utaniuliza kwa nini nusu isitoshe. Mjomba, mara ngapi wewe na Mama mmebishana kama ule wimbo wenu wa kwanza ulianza kwa gita au kwa sauti? Wewe unaapa, yeye anaapa, chakula kinapoa. Mko wawili, nani aamue? Mpaka aje mtu wa tatu. Yule mdogo ndiye wa tatu. Kazi yake siyo kubeba nyimbo. Kazi yake ni kuwepo.

Sasa la pili, na ndilo linaloninyima raha. Harusi ni Jumamosi ya mwisho ya Julai, na tangu Baba atutoke, wa kunishika mkono kuniingiza ukumbini ni wewe. Mchumba wangu alikuja kukusalimia. Ukamtazama juu mpaka chini, ukamwambia, “Hebu piga makofi.” Akapiga. Ukanyamaza! Tangu siku hiyo ananiuliza alikosea wapi. Nataka neno lako, Mjomba. Siwezi kuingizwa ukumbini na mtu ambaye moyoni hamtaki bwana harusi.

Mpwa wako,
Debe


Tarehe 9 Juni

Mpwa wangu Debe,

Marahaba, tena marahaba mbili, moja ya barua na moja ya kunifundisha. Nimesoma yote, na safari hii sikuwa na gita mkononi. Nimeelewa. Mapacha, ramani, nusu haitoshi. Ila wimbo ule ulianza kwa gita, na hilo halihitaji mtu wa tatu, linahitaji mamako akubali.

Sasa na mimi nikuambie kitu ambacho wewe, kwa masikio uliyojaliwa, hukukisikia. Huyo mdogo wako anavuma. Usicheke. Mapacha wanavuma noti moja, wametulia, wala husikii kama wapo. Huyu yuko chini yao kidogo, padogo tu, padogo pa kuudhi. Nikiwasha kinasa sauti, nikinyamazisha chumba, nikafunga dirisha na kumwomba mamako asigonge sufuria, namsikia: mmmmm. Nikipiga gita noti ya chini, inagombana naye. Waliosema debe tupu haliachi kuvuma walimwona huyu.

Wakati mwingine ningevumilia. Lakini nina kazi moja ya gita na sauti ambayo siwezi kukuambia ni ya nani, na hiyo kazi nataka iwe safi mpaka mtu asikie pumzi ya mwimbaji. Kwa hiyo usishangae nikimpumzisha huyo mdogo kidogo. Hana wimbo, hatapoteza wimbo.

Kuhusu mchumba wako mpima ardhi: neno langu ninalo, nimeliweka akiba. Usiniharakishe, wino wenyewe unaisha.

Mjomba wako,
Masikio


Tarehe 14 Juni

Mjomba,

Shikamoo kwa haraka. USIMPUMZISHE!

Leo ukimtoa hutaona tofauti yoyote, na hapo ndipo penye hatari. Mapacha watakuwa wazima, nakala sita kati ya tisa, mashine itafunguka kama kawaida na wewe utasema, “Debe anapenda kutisha watu.” Halafu siku pacha mmoja akifa utabaki na tatu. Tatu kati ya tisa. Itagoma, Mjomba, na nyimbo zako zote zitakuwa ndani, mlango umefungwa.

Kama anavuma, msogeze. Nilikuachia waya mrefu kwa sababu nakujua. Mweke ndani ya kabati la nyaya, mlango uache wazi kidogo apate hewa. Funika masikio yako, siyo yeye.

Na huo wino, nakutumia kalamu mbili ndani ya bahasha hii. Sasa huna kisingizio. Mchumba wangu: unamwonaje?

Debe


Tarehe 25 Juni

Mpwa wangu,

Salama. Kalamu nimezipata, zinaandika vizuri.

Nina swali dogo, wala siyo langu. Kuna rafiki yangu mmoja ana studio kama hii yangu. Amefungiwa na mtu diski tatu, sadfa tu. Juzi umeme ulikatika kwao, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Sasa diski yake moja kubwa inalia tak, tak, tak, halafu kimya. Na mashine yake ikiwashwa inaandika mstari mmoja mweupe kwenye kioo na kukaa tu. Huyo rafiki yangu, kwa sababu zake mwenyewe, alikuwa ameitoa ile diski ndogo kitambo kidogo.

Ananiuliza, je, nyimbo zake ndiyo basi? Ana wimbo mmoja humo ambao hauna nakala nyingine duniani. Hali vizuri siku hizi, huyo rafiki yangu.

Nijibu ukipata nafasi. Usijisumbue, najua una mambo ya harusi.

Mjomba wako


Tarehe 1 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipojibu swali langu. Hapapo. Nimekuuliza kuhusu mtu nitakayeishi naye maisha yangu yote, wewe unaniandikia habari za rafiki ambaye sijawahi hata kumsikia. Huna rafiki mwenye studio, Mjomba. Wote wenye studio mjini mlishagombana.

Basi kama humtaki, sema humtaki. Nitalia siku moja, nitanyamaza. Ni kweli hajui muziki. Ni kweli anapima ardhi na kukaa juani na kamba, na ukimwimbia anaangalia kwa heshima tu. Lakini mimi pia, Mjomba, katika nyumba ile ya waimbaji nilikuwa nani? Babu anaimba, Mama anaimba, wewe unapiga, mimi napewa jina Debe na kutumwa nikafunge mlango watu warekodi. Yeye ndiye mtu wa kwanza aliyenisikia nikiimba jikoni, akaendelea kunywa chai.

Kama hutaki kunishika mkono siku ile, niambie nimwombe mtu mwingine mapema. Huyo rafiki yako atafute fundi wa kwao.

Wako,
Mpwa


Tarehe 6 Julai

Mwanangu,

Nimekusikia kwenye simu umenuna, unajibu “ndiyo Mama, hapana Mama” kama uko ofisini. Simu sikuitumia kwa haya kwa sababu mjomba wako yuko chumba cha nyuma, na huyo mtu asiyesikia simu anasikia hata nikifikiri. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa nimekaa uani, na ndoo ya maji naimwaga mara kwa mara ili adhani nafua.

Mimi siri haikai tumboni mwangu, unanijua. Nimejitahidi wiki nzima nikahisi homa. Basi sikiliza, na ukiulizwa, hukusikia kwangu.

Hakuna rafiki. Rafiki ni yeye.

Ulipokuwa mtoto wa miezi mitatu, babu yako alikupakata mle studio, akaimba wimbo aliokutungia mwenyewe. Akasema, huu mtaupiga siku atakayoolewa, niwepo nisiwepo. Tukacheka, tukaweka kanda. Babu yako alipotutoka, mjomba wako akaitunza ile kanda kama yai. Mwaka juzi ikaanza kushika ukungu, akaihamishia kwenye mashine, na kanda yenyewe sasa ni unga. Wimbo upo mle tu. Hatujawahi kukuambia, ilikuwa siri yangu na yake, nami nimeitunza miaka yote hiyo. Unaona ninavyoweza nikitaka!

Sasa mwezi uliopita akaamua kuweka gita lake chini ya sauti ya Babu, na mimi niitikie, ili siku ile uingie ukumbini na sisi watatu. Hiyo ndiyo “kazi” aliyokuwa anakuficha. Ndipo akasema ile diski ndogo inavuma, akaitoa. Wiki iliyofuata umeme ukafanya mambo yake, na mashine haifunguki. Mwanangu, hajala. Mjomba wako! Sufuria inabaki! Anakaa mbele ya kile kioo chenye mstari mweupe na hedifoni masikioni, anasikiliza kitu ambacho hakipo.

Nikamwambia mwandikie mtoto, yeye ndiye aliyeifunga. Akasema, “Nimwambie bibi harusi kwamba nimeupoteza wimbo wa harusi yake? Heri ninyamaze.” Yaani anamficha daktari ugonjwa.

Na kuhusu kijana, hasira zako hazina mwenyewe. Mjomba wako anampenda mno. Neno lake analiweka la kusema ukumbini, ameliandika, amelirudia mpaka mimi nimelishika. Sikuambii. Hilo moja nitaliweza.

Kadi za mialiko zimefika, zilikuwa zimejikunja kwa unyevu wa njiani. Lakini nimezipanga juu ya meza na kuzikandamiza na kile kichuma cheusi alichonipa mjomba wako, kizito kwa umbo lake, zimenyooka utadhani zimepigwa pasi.

Fanya kitu, mama. Ila asijue nimesema.

Mamako


Tarehe 9 Julai

Mjomba wangu Masikio,

Shikamoo, na unisamehe. Ile barua yangu iliyopita niliandika nikiwa na njaa. Ichome, au ifungie karanga.

Nimemfikiria sana rafiki yako. Maskini, lazima anateseka. Mwambie hivi, neno kwa neno, maana najua utamfikishia vizuri.

La kwanza: nyimbo zake hazijapotea. Hata moja. Ule mstari mweupe siyo kifo, ni mgomo. Pacha mmoja amekufa, ndiye huyo wa tak tak, lakini mwenzake mzima na nyimbo zote anazo. Mashine inaona nakala tatu za ramani, inajua zilikuwa tisa, inasema siwaamini wachache. Ningekuwa mimi mashine ningefanya hivyo hivyo.

La pili: asijaribu kuilazimisha. Ipo njia, kuna amri za kuandika kuiambia isahau zile nakala zilizopotea, lakini herufi moja ikienda kombo anaweza kufuta na hao wazima. Njia nyepesi ni kumrudisha yule mdogo. Tatu za pacha na tatu za mdogo ni sita, na sita kati ya tisa ni zaidi ya nusu. Azime kila kitu, amchomeke mdogo pale pale nyuma alipokuwa, pacha aliyekufa amwache tu, awashe, asubiri bila kugusa. Itachukua muda kidogo. Anywe chai. Na ale.

La tatu: kama rafiki yako hakumbuki alimweka wapi mdogo, simjui mimi huyo mtu, nabahatisha tu. Lakini kama ana dada, na kama huyo dada ana harusi nyumbani, amwambie aangalie juu ya kadi za mialiko. Siku hizi watu wanakandamizia vitu vya ajabu.

La nne, na hili ni lako: nitakuja wiki ya harusi na diski mpya kubwa mkobani. Pacha atapata mwenzake, atamnakilia kila kitu mwenyewe. Bila shaka rafiki yako atapenda kuja kutazama.

Nilimsimulia mchumba wangu kisa hiki cha mtu wa tatu. Akasema, “Hata sisi shambani alama mbili hatuziamini, mpaka tupate ya tatu.” Nikamwambia kaa hivyo hivyo.

Mpwa wako anayekupenda,
Debe


Tarehe 15 Julai

Debe! Debe! Debe!

Marahaba. Ngoja nitulie niandike.

Rafiki yangu aliisoma barua yako amesimama, halafu akakimbia. Mtu wa umri wake! Akapita jikoni, akapita sebuleni, akaufikia mlima wa kadi, na juu yake, kama mfalme, amekaa mdogo. Dada yake akapiga ukelele: “Kadi zangu!” Akamwambia: “Diski yangu!” Dada akasema ulinipa mwenyewe ukasema ni chuma tu. Ni kweli. Huyo rafiki yangu alisema hivyo, Mungu amsamehe.

Akamfuta vumbi na shati lake. Akamchomeka. Mimi nikiwa pembeni namwona. Akawasha. Mstari mweupe ukaja, ukasimama pale pale, na dada yake aliyekuwa amemfuata akaanza kuomba kwa sauti ya kwanza huku rafiki yangu anamwambia shuka kidogo, uko juu. Halafu mstari wa pili ukaja! Wa tatu! Kioo kikajaa maandishi yanapanda kama siafu, na orodha ya nyimbo ikafunguka, yote, mpaka zile mbovu za mwaka wa kwanza.

Akaubonyeza ule mmoja. Ukaimba.

Mpwa wangu, huyo mtu alilia. Dada yake akalia. Wakakumbatiana katikati ya nyaya. Halafu wakala, na sufuria haikubaki kitu.

Jioni wakakaa kurekodi. Dada akauliza, “Na ule mvumo je?” Rafiki yangu akajibu kitu, lakini hicho atakueleza mwenyewe siku nyingine.

Tunakusubiri. Mwambie mpima ardhi wako aje na viatu vya kuchezea.

Mjomba wako,
Masikio

Mwanangu, hapa ni Mama, nimeinyakua karatasi kabla hajafunga bahasha. Ameuliza umejuaje habari za kadi. Nimemwambia mtoto wetu ana akili. Na wimbo ule ulianza kwa sauti.


Tarehe 5 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tumefika salama. Masanduku bado yamekaa mlangoni hatujayafungua, na mume wangu amelala kwenye kiti na kiatu kimoja. Mume wangu! Nimeandika tu nijione nikiandika.

Nilikuwa najua kuna wimbo. Wewe ulijua najua, Mama alijua unajua, na wote watatu tulisimama pale mlangoni tukijifanya wageni. Ulinishika mkono, na mkono wako ulikuwa na jasho kuliko wangu. Nikajiandaa kusikia Babu akiimba. Nilikuwa nimeshalia nyumbani mapema ili nisiharibu uso.

Lakini hakuna aliyeniambia kwamba kabla ya kuimba alisema maneno.

Spika ikakwaruza, halafu mtoto akaanza kulia. Kilio kibaya, Mjomba, kikali, kimepinda. Ukumbi mzima ukageuka kutafuta mtoto wa nani. Halafu sauti ya Babu, ile ile, nene, ya kucheka: “Mnamsikia? Analia nje ya noti kabisa!” Nikasikia Mama akiwa kijana anasema nimtoe nje, Baba? Na Babu anajibu: “Mwache. Nyumba hii waimbaji wametosha. Wote tunaimba, nani atatuambia tumekosea? Huyu ndiye tuliyekuwa tunamngoja. Mwacheni akae.”

Akaimba. Na mimi nikaendelea kulia chini yake, wimbo mzima, sikosi hata ubeti mmoja. Na gita lako, na Mama. Watu mia wanacheka na kufuta macho. Sikuingia ukumbini, Mjomba, nilibebwa.

Nimekaa miaka yote nikidhani katika ile nyumba mimi ni aliyefunga mlango. Sikuwa na uchungu nao sana, nilizoea, nikachukua kazi yangu ya nyaya nikaenda mbali. Kumbe nilikuwa ndani ya wimbo tangu mwanzo, na Babu aliniweka mwenyewe. Nimefurahi mpaka naona haya.

Na neno lako! Siku zote hizo nimekosa usingizi, kumbe neno lenyewe ni: “Huyu kijana nilimwambia apige makofi, akapiga nje ya mdundo, tena kwa moyo wote, bila aibu. Nikajua mpwa wangu amepata mwenzake.” Mume wangu anawarudia watu maneno hayo kila mahali. Konda wa basi anayajua.

Sasa kazi. Pacha mpya nilimwacha ananakili, hakikisha taa yake ya kijani imetulia. Wimbo wa Babu, nakala moja iko nasi, moja kwa Mama chini ya kitambaa cha televisheni, moja kwa mama mkwe wangu ambaye ameshaupiga mpaka majirani wameukariri. Kitu kizuri hakikai mahali pamoja.

Nina swali moja. Tumeusikiliza tena leo, kimya, dirisha limefungwa. Mwishoni kabisa, Babu amemaliza, gita limekwisha, mimi nimenyamaza, na kuna kitu kinabaki. Chini sana. Nilidhani ni friji, nikazima friji. Kipo. Ni nini?

Mpwa wako,
Debe

Nisalimie rafiki yako.


Tarehe 12 Agosti

Debe wangu,

Marahaba. Taa ya kijani imetulia.

Umekisikia! Nimemwita mamako aje aone kwa macho yake, nimemsomea mstari huo mara tatu: Debe amekisikia. Watu mia ukumbini, wapiga ala wanne kati yao, hakuna aliyekisikia.

Kile kilio chako, mpwa wangu, ningeweza kukiondoa. Ninavyo vifaa, ni kazi ya asubuhi moja. Mteja angenilipa ningekiondoa. Mwaka juzi nilipokuwa naihamisha ile kanda niliweka kidole juu ya kitufe, nikamsikia baba yangu anasema mwacheni akae, nikatoa kidole.

Lakini jambo hilo sikulielewa mpaka usiku ule wa mstari mweupe. Baba yangu aliona, mimi sikuona. Nilisikia kitu kinavuma peke yake, hakina wimbo, nikasema kitoke. Na nyumba nzima ikafungwa.

Kwa hiyo mamako aliponiuliza na ule mvumo je, nilimjibu: wimbo huu tayari una mmoja nje ya noti, nao ndio uzuri wake. Nikamrudisha mdogo pale pale karibu na kinasa sauti, waya mrefu nikaukunja nikautia kabatini. Tukarekodi. Gita langu nikalishusha kidogo, padogo tu, likakaa naye, na halikugombana.

Hiyo unayoisikia mwishoni ndiyo yeye. Washa friji yako. Anavuma, na mimi sitamgusa tena.

Mjomba wako,
Masikio
pamoja na rafiki yake